Ati M-Pesa 1994? Hivi Ndivyo Stori za Juzi Zinajiharibu

Wasee, tuanze na mtihani kidogo. Soma hii sini, uhesabu makosa.

Ni Aprili 1994. Juma anatoka kwao Bofu asubuhi na mapema, anavuka daraja la kuelea kwa miguu hadi Liwatoni. Upande wa kisiwani anapanda mathree yenye mstari wa njano, anafunga mkanda. Jioni atampokea shangazi yake anayeshuka na Madaraka Express. Kabla afike kazini simu inalia mfukoni. Ni mamake, anamwambia MCA ametuma mchango wa mazishi kwa M-Pesa.

Umepata ngapi? Daraja la kuelea kati ya Liwatoni na Ras Bofu lilikuja mwisho wa 2020, wakati wa korona. Mstari wa njano na mikanda ni sheria za Michuki, zilianza kukaza 2004. Madaraka Express ni 2017. MCA ni mtoto wa katiba ya 2010, walichaguliwa mara ya kwanza 2013. Zamani ilikuwa diwani. M-Pesa nayo ni Machi 2007.

Halafu simu. Hapa ndipo wengi huanguka. Simu za mkono zilikuwa Kenya 1994, lakini bei yake ilikuwa ya matajiri. Kijana wa kibarua hakuwa nayo. Mambo yalianza kubadilika Safaricom na Kencell walipoingia sokoni 2000. Kwa hivyo usiulize tu "hii kitu ilikuja lini?" Uliza pia "ilifika kwa huyu mtu lini?"

Mbona makosa haya ni rahisi hivi? Ukiandika stori ya Vasco da Gama akifika Mombasa 1498, unajua hujui, so utasoma. Ukiandika ya 1994 au 2003, unadhani unajua. Umekua ukiona M-Pesa kila duka, akili inakudanganya ilikuwako tangu zamani. Na tofauti ingine: hakuna aliyemwona Vasco yuko hai, lakini mtazamaji wako wa 1994 ni mamako, ameketi hapo kwa kochi na rimoti mkononi.

Usidhani ni shida ya wasanii wa hapa kwetu pekee. The Hurt Locker ilibeba Oscar ya filamu bora 2010. Stori yake iko Iraki 2004, lakini mwanajeshi mmoja anacheza gemu kwa Xbox 360, mashine iliyoingia sokoni 2005.

Sasa utasema, "Buda, si ni gemu tu?" Sawa, gemu ni gemu. Lakini turudi kwa Juma.

Ijumaa, Aprili 29, 1994, feri ilipinduka pale Mtongwe, asubuhi watu wakienda kazini. Watu 272 walikufa. Ukitunga stori ya siku hiyo na umpe Juma simu mfukoni, mamake anapiga, Juma anashika, anasema "niko sawa mama." Sekunde kumi, sini imeisha.

Umeona ulichofuta? Umefuta kungoja. Umefuta mama anayekimbia ufuoni kwa sababu hana namba ya kupiga. Habari ilitoka kwa mdomo wa jirani au kwa redio ya KBC, na jina la mtoto wako halikusomwa huko. Aliyetoka asubuhi ungejua yuko hai ukimwona mlangoni. Kuna familia Likoni na Mtongwe ziliishi hayo masaa. Simu moja ya uongo inawaambia hayakuwa mazito vile.

Ndiyo maana hii mambo si ya kujionyesha nani anajua tarehe. Ukitaka kubuni mtaa, buni. Buni jina la duka, la mathree, la mpenzi wa Juma. Lakini siku ambayo watu walizika wao, iache ilivyokuwa.

Na si kazi ngumu. Kabla uanze kushuti, pitia skripti ukizungushia kila kitu kinachotumia umeme, kila cheo cha serikali, kila barabara na kila noti. Kila moja itafutie mwaka. Pitia na midomo pia, maana Sheng huzeeka haraka kuliko viatu. Msee wa 1994 hawezi kuongea kama TikTok ya jana. Ingia maktaba uangalie magazeti ya ule mwezi, hata matangazo ya biashara, hapo ndipo bei na mitindo imejificha. Halafu peleka skripti kwa nyanya au mjomba aliyekuwa akivuka feri miaka hiyo. Msomee polepole. Pale atakapocheka mahali hukuandika kichekesho, hapo ndipo pa kurekebisha.