Mwanao akienda Mbagala, atakaa na nani?

Msikilizaji, mavuno yakiisha vijana wengi hufunga mabegi na kupanda basi la kwenda Dar es Salaam. Kwa anayetoka Masasi, Ndanda au Lindi, basi huingia jijini kwa Barabara ya Kilwa, na Mbagala ni miongoni mwa sehemu za kwanza za jiji atakazoziona. Wengine hushukia hapohapo Rangi Tatu, kwa sababu kuna soko, kuna vibarua, na chumba cha kupanga ni nafuu kuliko katikati ya jiji.

Kabla ya safari mzazi huuliza mambo mawili: utalala wapi, na utafanya kazi gani? Swali la tatu husahaulika: utakaa na nani?

Marafiki humbadilishaje mtu?

Kijana mgeni hana ndugu wa kumkopesha nauli wala jirani wa kumjulia hali. Anayempa sahani ya ugali na nafasi kwenye godoro siku ya kwanza anakuwa mtu mkubwa kwake. Hilo ni jambo jema, lakini huja na deni la fadhila. Kesho akiambiwa "twende", kukataa ni kazi.

Tena mabadiliko hayaji kwa siku moja. Hakuna anayeamka asubuhi akaamua kuwa mwizi. Kwanza huzoea kusikia wizi ukisimuliwa, kisha hucheka pamoja na wenzake, kisha huombwa asimame tu pembeni aangalie kama kuna mtu anakuja. Kila hatua inaonekana ndogo kwa sababu wenzake wote wameshaipita.

Jiji la Dar es Salaam limeona mwisho wa njia hiyo. Mwanzoni mwa Januari 2015, habari kwamba vijana wa Panya Road wanakuja ziliwafanya watu wa mitaa mingi kufunga maduka na kukimbilia ndani. Mwaka 2022 jina hilo lilisikika tena, baada ya nyumba kuvamiwa usiku na vijana wenye mapanga. Kijana mmoja peke yake hawezi kuwa Panya Road. Ujasiri wa kuingia nyumba ya mtu na panga hutoka kwa kundi.

Paulo alikuwa anawaambia nini Wakorintho?

Katika 1 Wakorintho 15:33, Mtume Paulo anaonya kwamba ushirika mbaya unaweza kumharibu hata mtu mwenye mwenendo mzuri. Wataalamu wengi wa Biblia husema msemo huo Paulo aliuchukua kwa Wagiriki, na kwamba asili yake ni Menander, mtunzi wa michezo ya kuigiza aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla yake. Kwa hiyo waliousoma Korintho huenda walikuwa wameshausikia mitaani kwao.

Mara nyingi mstari huu husomwa peke yake, lakini sura nzima inahusu ufufuo. Baadhi ya watu Korintho walisema wafu hawafufuki. Paulo anajibu kwamba kama ni hivyo, basi kilichobaki ni kula na kunywa tu, maana kesho ni kifo. Hapo ndipo analeta onyo lake. Ushirika anaouogopa ni ule unaomfundisha mtu kwamba kesho haina maana.

Kipimo hiki kinafaa hata leo. Usiangalie tu kama rafiki anavuta sigara au amevaa vipi. Sikiliza anavyoongea kuhusu kesho. Kuna kijiwe cha bodaboda ambacho wenzako wanachanga kwa ajili ya mgonjwa na wanakuhimiza uweke akiba ili ununue pikipiki yako. Kuna kingine ambacho hela ya leo lazima iishe leo, kwa pombe au kwa kubeti. Vyote viwili ni vijiwe, lakini havimlei mtu namna moja.

Je, Mkristo awakimbie wabaya?

Hapana. Katika barua hiyohiyo, sura ya 5, Paulo anasema kwamba kuwakwepa watu wote wenye dhambi kungemlazimu mtu atoke duniani. Yesu mwenyewe alikula na watoza ushuru, na watu wakamnung'unikia. Mbagala Mkristo na Mwislamu wanapanga nyumba moja na kuchota maji pamoja. Jirani wa dini nyingine si ndiye ushirika mbaya unaozungumzwa hapa.

Tena kuna upande wa pili. Sauli alipoongoka na kufika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa. Matendo 9 inaeleza kwamba Barnaba ndiye aliyemchukua na kumsimamia mbele ya mitume. Kijana aliyetoka kwenye kundi baya akifika kanisani, na kila mtu akasogeza mkoba wake mbali naye, atarudi kwa wale wanaomkaribisha.

Ufanye nini kabla hajaondoka?

Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, waliamua kuzipa nguvu Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambako familia chache za jirani husali na kusaidiana. Makanisa mengine nayo yana vikundi vya nyumba kwa nyumba. Kwa mgeni, kikundi kama hicho ni watu watakaogundua kwamba wiki hii hakuonekana.

Kwa hiyo mpatie barua ya utambulisho kutoka kwa katekista, padri au mchungaji wako. Tafuta mtu mzima mmoja unayemfahamu huko, umpe namba ya kijana. Ukimpigia simu mwanao, usiishie kwenye "umekula?" Muulize leo alishinda na nani, na wanapanga nini. Ukiona majina yamebadilika na mipango imekwisha, usingoje likizo. Mpigie yule mtu mzima siku hiyohiyo.