Duka la Zamani Ni Daftari la Ukoo

Ukimwuliza mzee wa Bungoma alizaliwa mwaka gani, huenda akacheka tu. Mwaka huo haukuandikwa popote, na ule uliomo katika kitambulisho chake ulikisiwa na karani. Lakini mwulize hivi: "Kuka, blanketi la kwanza la baba yako lilinunuliwa duka gani, na kwa fedha gani?" Hapo mzee atajiweka sawa kitini, na habari zitatoka moja baada ya nyingine.

Basi yafaa tujue ya kuwa duka la zamani ni daftari la ukoo. Mtu aliuza mahindi pale, akanunua chumvi na jembe, akakopa, akalipa. Alipita huko miaka mingi, na nyayo zake zimebaki katika kumbukumbu za watu. Anayejua kuzisoma nyayo hizo aweza kuipata miaka ambayo hakuna aliyeiandika.

Jambo la kwanza la kuuliza ni fedha. Mwaka 1920 rupia iliondolewa, ikaingia fulorini. Hiyo nayo haikudumu, maana kufikia mwaka 1922 fedha ya nchi ilikuwa shilingi na senti. Kwa hiyo babu akisema kwamba baba yake alinunua jembe kwa rupia, habari hiyo yaelekea kuwa ya kabla ya hapo. Lakini tujihadhari: jina la fedha huweza kubaki mdomoni baada ya fedha yenyewe kutoweka. Neno moja halitoshi. Hapana budi kulitafutia shahidi wa pili.

Shahidi huyo aweza kuwa reli. Garimoshi lilifika Eldoret mwaka 1924, na tawi la Kitale likafika mwaka 1926. Kabla ya hapo mizigo ya Kitale ililetwa kwa magari ya kukokotwa na maksai, katika njia iliyotoka Londiani kupitia Eldoret, ambayo wakati wa mvua ilikuwa matope matupu. Reli kubwa nayo ilipita Bungoma ikielekea Uganda, ikafika Kampala mwaka 1931. Kwa hiyo mzee akikumbuka kwamba sukari ya duka la Kitale ililetwa na maksai, umekwisha kupata mpaka wa miaka yake.

Shahidi wa tatu ni mambo makuu yaliyotokea. Duka lilikuwapo kabla ya watu kupigwa risasi Malakisi? Hiyo ni kabla ya Februari 1948. Lilifunguliwa na askari aliyerudi vitani na akiba yake? Basi ni baada ya mwaka 1945. Na kwa kuwa Babukusu hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti, kila baada ya miaka miwili, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, mzee akisema, "Lilifunguliwa mwaka ule alipotahiriwa kaka yangu," amekupunguzia kazi nusu nzima.

Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu jamaa nyingi ziligawanyika. Wengine walibaki Bungoma, na wengine wakaenda Trans Nzoia kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, wakazaa watoto huko. Leo wajukuu wa ndugu wawili waweza kukutana sokoni Kitale wasijuane. Zamani, mtu asiye na sanduku la posta aliweza kuletewa barua kwa sanduku la mwenye duka. Kwa hiyo bahasha kuukuu iliyofichwa chini ya sanduku la nguo, yenye jina la duka na namba ya posta, yaweza kuonyesha jamaa fulani waliishi karibu na mji gani, na kwa muda gani. Usiitupe.

Tena tusisahau kwamba habari hizi zina wenyewe wawili. Mashamba ya nyanda za juu yalikuwa yametengewa Wazungu, kwa hiyo Wahindi wengi wa Kitale walifanya biashara mjini. Baadaye, sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana wafanyi biashara wasiokuwa raia wa Kenya, na wengi wakahamia Uingereza. Maduka yakapata wenyewe wapya, na majina ya ukutani yakapakwa rangi. Wajukuu wa wenye duka, walioko London au Leicester, nao wanatafuta habari za babu zao. Wao huenda wanayo picha ya duka na daftari la madeni lililoandikwa kwa Kigujarati. Sisi tunaye mzee anayekumbuka fundi wa cherehani aliyekaa barazani, na mpishi, na mtoto aliyezaliwa chumba cha nyuma. Kila upande una nusu ya kitabu kimoja. Wakiandikiana, nusu hizo zaweza kuunganishwa.

Karatasi za serikali nazo zipo. Gazeti rasmi la serikali limetolewa tangu mwaka 1899, na ndani yake mna matangazo ya viwanja vya miji na ya mirathi. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iko Nairobi. Lakini karatasi zitangoja, wazee hawatangoja. Anza na mzee wa nyumbani kwako. Nenda naye, kama miguu yake yaruhusu, mpaka mahali duka lilipokuwa. Tazama juu ya mlango, maana wajenzi wa zamani walikuwa na desturi ya kuandika mwaka kwa saruji. Kisha andika anayosema kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe uliyoyasikia.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na mali ya ukoo ni watu wake.