Je, Wajua? Barua pepe husubiri umeme urudi Kibosho

Umeme ukikatika Kibosho, juu ya Moshi, na seva ya shule ikazimika, barua pepe zake hazipotei. Seva inayotuma huzipanga foleni na kujaribu tena na tena. Kanuni za kimataifa za mwaka 2008 zinaitaka ivumilie angalau siku 4 hadi 5, kwa kawaida ikipumzika nusu saa au zaidi kila inaposhindwa.

Tangu 1996 ipo pia amri iitwayo ETRN: seva iliyounganishwa punde huomba foleni yake ifunguliwe papo hapo. Si kila mtoa huduma anaikubali.

Zamani ilikuwa shughuli kweli. Mapema miaka ya 1990, HealthNet ya shirika la SatelLife ilisafirisha barua za madaktari, wa Tanzania wakiwemo, kwa setilaiti ndogo isiyotulia angani. Ilipopita juu ya kituo ilishusha barua, ikapakia nyingine, ikaenda zake. Aliyechelewa alingoja izunguke tena.

Kama seva yako huzimika wiki nzima, mwombe mtoa huduma akuwekee seva ya akiba. Siku hizo 4 hadi 5 zikipita bila seva kupatikana, barua hurudishwa kwa mtumaji.