Resi Inayopotea na Kurudi

Bodaboda wengi wa Tunduma bado wanaendesha pikipiki za kabureta. Ukizungusha mkono wa resi, waya wa chuma unavuta, kabureta inafunguka, injini inanguruma. Waya ukianza kulika, nyuzi zake zinaonekana kwa macho, na fundi wa kijiweni anaubadilisha abiria akiwa bado anasubiri. Lakini barabara ya TANZAM inapitisha pia pikipiki kubwa za wasafiri wanaovuka mpaka kwenda Nakonde na kusini zaidi, na pikipiki za umeme nazo zimeshaingia nchini. Nyingi kati ya hizo hazina waya wa kuvuta kabisa. Resi yao ni volti.

Siri yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1879 Mmarekani Edwin Hall aligundua kwamba umeme ukipita kwenye bamba jembamba la metali, kisha bamba hilo likawekwa kwenye nguvu ya sumaku, volti ndogo hujitokeza ubavuni mwake. Sasa sumaku inakaa kwenye mkono wa resi na kihisi kinachotumia ugunduzi huo kinakaa jirani yake. Kwenye pikipiki nyingi za umeme, mkono ukiachiwa kihisi hutoa karibu volti 1. Ukizungushwa wote, kama volti 4. Kompyuta ya pikipiki inasoma namba hiyo na kuamua nguvu ya kutoa. Kwenye pikipiki kubwa za petroli ishara huwa mbili, ili zishuhudiane. Zikipingana, kompyuta haiamini hata moja: inapunguza nguvu na kuwasha taa ya onyo. Dereva anazima, anawasha, pikipiki imepona! Haijapona. Kompyuta imeanza tu kukagua upya, na kwa dakika hiyo ishara zinakubaliana.

Hapo ndipo pesa zinapopotea. Fundi anasoma msimbo wa hitilafu unaotaja kihisi cha resi, anaagiza kihisi kipya, na baada ya wiki ugonjwa umerudi. Msimbo hutaja njia ya umeme, hautaji mkosaji. Kihisi hakigusani na sumaku, kwa hiyo hakiliki kwa kusuguana. Mimi ningeanza na plagi, na nyaya zinazopita shingoni mwa usukani, mahali zinapokunjwa kila ukikata kona.

Fungua plagi uitazame kwa karibu. Pini zake zimepakwa bati jembamba. Mtikisiko wa barabara unazisugua kidogo kidogo, bati linachubuka, unga mweusi wa oksidi unabaki katikati. Umeme wa taa kubwa huweza kupenya uchafu huo. Ishara ya resi ni mkondo hafifu mno, inakwama. Ongeza vumbi la kiangazi kwenye foleni ya malori, mvua za Novemba hadi Aprili na maji ya presha ya waosha pikipiki. Joto nalo lina lake: kutoka uwanda wa Tunduma kushuka bonde la Rukwa kule Kamsamba, metali na plastiki hutanuka tofauti, na mguso uliokuwa mzima asubuhi unaachia mchana.

Kwa hiyo hitilafu ya namna hii haingojewi, inachokozwa. Unganisha mita ya kidijitali kwenye waya wa ishara (taa ya kupimia isiguse hapo, inaweza kuunguza kompyuta). Zungusha resi polepole. Volti ipande bila kuruka. Kisha geuza usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, vuta nyaya taratibu, gonga plagi, ipashe joto. Mita ya bei nafuu hubadilisha tarakimu mara 2 au 3 tu kwa sekunde, na kompyuta inaona kwa kasi zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukipata mkao unaoleta hitilafu, ushikilie hapo hapo upime. Volti 5 zinazolisha kihisi zikishuka pamoja na ishara, usikilaumu kihisi: pengine ni waya wa kulisha, au kihisi kingine kinachokula chanzo hicho hicho kimepiga shoti. Chomoa kimoja kimoja uone ni kipi kikitoka volti 5 zinarudi. Zikibaki imara huku ishara ikiyumba, kagua waya wa hasi, kisha waya wa ishara, na kihisi kiwe cha mwisho.

Unayempelekea fundi pikipiki, mwambie hitilafu ilitokea wapi, kulikuwa na joto au mvua, na usukani ulikuwa umegeuzwa upande gani. Na kama ni ya umeme, isipimwe gurudumu la nyuma likiwa limegusa chini. Iwekeni kwanza kwenye stendi ya kati.