Betri ya Kukesha na Nyota

Kijana mmoja wa Kahororo, hapa Bukoba, ameniuliza anunue jenereta ya ukubwa gani ili darubini yake ifanye kazi usiku kucha huko migombani, mbali na nguzo za umeme. Mdogo wangu, jenereta usinunue. Inatikisa, na nyota itarukaruka kwenye kioo.

Darubini yenyewe haili umeme. Kinachokula ni mota. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, hivyo nyota hutoroka machoni, na mota ndiyo inayoifuata. Ikitumia ampea 1 ya volti 12 kwa saa 10, hizo ni ampea-saa 10. Lakini betri ya asidi ukiinyonya kupita nusu unaiua mapema. Basi nunua isiyopungua 20. Ukiongeza kompyuta ya ampea 3, hesabu inaruka hadi 80, na hapo mfuko unalia. Anza bila kompyuta. Betri ya gari iache garini. Hiyo ni ya kuwashia, si ya kukesha.

Paneli ya sola ikadirie kwa mawingu ya Bukoba, si kwa jua la Dodoma. Waya uwe mnene na mfupi, maana volti 2 zikipotea njiani, mota husuasua.

Usiku mzuri ni ule usio na mbalamwezi. Tatizo ni kwamba ndio huohuo wavuvi wa dagaa huwasha taa ziwani, upande wa mashariki. Elekeza darubini magharibi.