Nauli, Foleni na Aibu: Kwa Nini Tangazo Pekee Halitoshi



Mara nyingi padre huitwa kutoa Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa wakati saratani ya mlango wa kizazi imekwisha kusambaa mwilini. Mama mmoja niliyemhudumia alikuwa mama lishe na mwanajumuiya mwaminifu. Aliniambia kwamba tangazo la upimaji alilisikia kanisani zaidi ya mara moja, tena alikusudia kwenda. “Nilikuwa nangoja siku iliyo nyepesi, Baba,” alisema. Siku hiyo haikufika.

Saratani hii ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini mwetu, nayo ni katika zile zinazozuilika kwa urahisi zaidi. Husababishwa karibu kila mara na kirusi cha HPV, na huchukua miaka mingi kukomaa. Katika kipimo kilicho cha kawaida kwetu, mhudumu hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi. Sehemu iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Majibu hupatikana papo hapo, na mara nyingi tiba ya awali hutolewa siku ile ile. Huduma hii ipo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, na pia karibu nasi, katika hospitali za Temeke na Mwananyamala.

Basi kwa nini wengi hawaendi? Tumezoea kujibu kwamba hawana elimu. Wataalamu wa uchumi wa tabia, kama Richard Thaler aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017, wanatufundisha kutazama kwa makini zaidi. Mwanadamu huona gharama ya leo kuwa kubwa kuliko faida ya kesho. Kwa mama wa Chamazi au Mabwepande, gharama ya leo ni nauli ya daladala, foleni, biashara iliyofungwa siku nzima, na aibu ya kuvua nguo mbele ya mgeni. Faida yake ni ugonjwa ambao hautatokea, nao hauonekani. Hivyo huahirisha bila kukataa, na kuahirisha huko huua.

Tafiti mbili zilizofanyika hapa Tanzania zinatusaidia. Ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2019, ilifanyika kaskazini mwa nchi. Kati ya wanawake walioelekezwa tu mahali pa kliniki kwa ujumbe mfupi, waliokwenda kupima walikuwa asilimia 4.3. Waliopokea mfululizo wa ujumbe wa kuwahimiza walikuwa asilimia 12.9. Waliopokea ujumbe huo pamoja na vocha ya nauli ya kwenda na kurudi walifikia asilimia 18. Ya pili, iliyochapishwa mwaka 2020, iliwahusu wanawake wa Dar es Salaam na Kilimanjaro waliokwisha kukutwa na HPV na kutakiwa kurudi kliniki. Hao walitumiwa ujumbe wa simu bila msaada mwingine, nao hawakurudi kwa wingi kuliko wale ambao hawakutumiwa. Katika makundi yote mawili alirudi takriban mmoja kati ya wanne.

Tunajifunza mambo mawili. Maneno husaidia, lakini si kila mara. Tena, hata nauli ikilipwa, wengi hubaki nyumbani. Maana yake kuna vikwazo ambavyo fedha haiviondoi, kama vile hofu, aibu na upweke.

Hapa tumkumbuke Msamaria Mwema. Hakumpa majeruhi mawaidha juu ya hatari za njia ya Yeriko. Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akalipa. Kwa lugha ya leo, alishughulikia usafiri, gharama na ufuatiliaji.

Jumuiya zetu Ndogo Ndogo zinaweza kufanya vivyo hivyo. Badala ya kusema “nendeni mkapime”, jumuiya ichague tarehe, saa na kituo, na kina mama wakutane mahali pamoja na kwenda pamoja. WAWATA waandae mama aliyekwisha kupima aeleze bila kuficha jinsi ilivyokuwa. Mfuko wa jumuiya uchangie nauli ya asiye nayo. Baba wa nyumba abaki na watoto, au asimamie biashara siku hiyo. Atakayeambiwa arudi, apewe mwenzake wa kumsindikiza.

Hata hivyo, tuchunge mipaka. Kurahisisha njia ni upendo. Kulazimisha si upendo. Orodha ya waliopima isisomwe hadharani, na majibu ni siri ya mgonjwa. Asiyekwenda asisimangwe. Tena mwenye ugonjwa asidhaniwe kuwa mzinzi, kwa maana kirusi hiki huwapata watu wengi mno, hata mke mwaminifu kabisa.

Katekisimu, katika namba 2288, inatufundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu tulizokabidhiwa, nasi tuzitunze kwa busara tukijali pia mahitaji ya wengine. Katika mkutano wa jumuiya wa wiki hii, kabla ya sala ya kufunga, ulizeni swali moja: tunakwenda lini, na nani hana nauli?

Mungu awabariki.