BURASHI YA KUNYOLEA: JINSI YA KUCHAGUA ILIYO RAHISI NA SALAMA

Wahenga walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu ajiandae kabla jambo halijamfika. Lakini hata maneno yenyewe, yakichukuliwa kama yalivyo, ni mafundisho mema juu ya kunyoa. Nywele kavu ni ngumu nazo huushinda wembe. Nywele zilizoloweshwa vema hulainika, zikakatwa bila taabu. Burashi ya kunyolea ni chombo cha kazi hiyo ya kutia maji na povu. Leo twataka kueleza jinsi mtu wa kipato cha kawaida, akiwa mjini au kijijini, awezavyo kuchagua burashi ya bei nafuu ambayo haitamletea hasara, wala ugonjwa, wala shaka katika dini yake.

Tuanzie Galbet, mojawapo ya wadi za mji wa Garissa. Huko wazee wengi hufuga ndevu, na wengine huzipaka hina. Hata hivyo hunyoa kichwa, mashavu na shingo. Vijana wengine hunyoa ndevu zote kabla ya kwenda kazini. Tena Garissa ni mji wa mifugo, na soko lake la ng'ombe, ngamia na mbuzi lajulikana Kenya nzima. Watu waliokulia katika ufugaji hawanunui kitu kilichotoka kwa mnyama bila kuuliza habari zake. Si ajabu basi kusikia mazungumzo kama haya dukani:

"Kijana, burashi hii imetengenezwa kwa nywele za mnyama gani?"

"Adeer, mimi sijui. Imeletwa kutoka Nairobi pamoja na nyembe na sabuni."

"Basi iweke kwanza, mpaka tujue."

Mzee wa namna hiyo ana haki kabisa, na swali lake ndilo la kwanza ambalo kila mnunuzi angepaswa kuuliza. Bei ni swali la pili.

KAZI YA BURASHI

Wako wasemao kwamba burashi ni anasa, kwa kuwa sabuni yaweza kupakwa kwa mkono. Ni kweli kwamba asiye na burashi aweza kunyoa. Lakini burashi hufanya mambo matatu ambayo mkono hauyafanyi vizuri. Kwanza, hulichanganya povu na maji na hewa hata likawa zito na laini, likakaa usoni bila kukauka upesi. Pili, hulipeleka povu hilo mpaka kwenye mizizi ya nywele. Tatu, huziinua nywele zilizolala juu ya ngozi ili wembe uzipate.

Jambo hili la tatu lina maana kubwa kwetu Waafrika. Nywele za ndevu zetu nyingi zimejikunja. Zikikatwa chini mno, ncha zake kali hurudi na kuchoma ngozi, na hapo ndipo vipele vya ndevu vinapotokea shingoni na kidevuni. Burashi peke yake haiponyi vipele hivyo, lakini nywele zilizolainika na kuinuliwa hukatwa kwa wembe mwepesi, bila kukwaruza mahali pamoja mara nyingi.

Kadhalika burashi haitumii maji mengi. Kikombe kimoja cha maji hutosha kutengeneza povu, na kingine kusuuza. Mahali ambapo mvua ni haba na maji hubebwa kwa mitungi, hilo si jambo dogo.

AINA NNE ZA BURASHI

Burashi nyingi zinazouzwa duniani ni za aina nne.

Aina ya kwanza ni ya nywele za nguruwe. Nywele hizo ni ngumu, zenye nguvu, nazo hupatikana kwa wingi. Kwa hiyo burashi zake ni miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa. Huhitaji kuloweshwa dakika kadhaa kabla ya kutumiwa, na hulainika baada ya majuma mengi ya matumizi. Kama kazi, ni burashi njema. Lakini kwa Mwislamu lipo tatizo. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Wasomali wengi na Waswahili wengi wa pwani, nguruwe ni najisi pamoja na nywele zake. Madhehebu mengine yana maelezo yao, na mwenye swali la undani amwendee shehe wake. Sisi twasema hili tu: mnunuzi anayo haki ya kujua anachojipaka usoni.

Aina ya pili ni ya nywele za farasi, ambazo huchukuliwa mkiani na shingoni. Ugumu wake ni wa kadiri, si kama wa nguruwe.

Aina ya tatu ni ya nywele za mnyama mmoja wa Ulaya na Asia, mchimba mashimo, aliye wa jamii moja na nyegere wetu. Nywele hizo ni laini nazo hushika maji mengi, na wengi huzisifu. Lakini bei yake hupita bei ya zile nyingine mara nyingi, na mtu wa kipato cha kawaida hana sababu ya kuitafuta. Tena, kwa kuwa ni nywele za mnyama wa porini, mwenye kushika sheria za twahara atataka kuuliza habari zake pia.

Aina ya nne ni ya nyuzi za kiwandani, ambazo watu wengi huziita nailoni tu. Nyuzi kama hizi zilianza kutumiwa katika miswaki huko Marekani mwaka 1938. Burashi za kunyolea za nailoni za zamani zilikuwa ngumu na hazikushika povu, na sifa hiyo mbaya imebaki midomoni mwa watu. Siku hizi nyuzi hutengenezwa nyembamba na laini, na nyingi hufanya kazi vizuri sana. Hazinywi maji kama nywele, kwa hiyo hazihitaji kuloweshwa kwa muda mrefu, na hukauka upesi. Bei yake mara nyingi hukaribiana na ile ya nguruwe.

KISA CHA BURASHI ZILIZOLETA KIMETA

Wafugaji waujua ugonjwa wa kimeta, unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo ghafula, nao humwambukiza mwanadamu. Pengine wachache wanajua kwamba ugonjwa huo umewahi kuletwa na burashi za kunyolea.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nywele za wanyama kutoka Asia na Urusi zilipitia viwanda vya Ulaya, ambako zilisafishwa kwa dawa. Vita vilipozuka mwaka 1914 njia hiyo ya biashara ikakatika, na nywele za farasi zisizosafishwa vema zikaingia katika burashi za bei rahisi. Nyingine zilitiwa rangi ili zifanane na nywele za yule mnyama wa bei ghali. Askari na raia wa Uingereza na Marekani, zaidi ya 100, walishikwa na kimeta. Wembe ulipokata ngozi hata kidogo, vijidudu vilivyokuwa katika burashi vikapata mlango wa kuingilia, na baadhi ya watu hao wakafa. Mwaka 1919 Uingereza ikatunga sheria ya kuzuia kimeta, na mwaka 1920 ikapiga marufuku burashi za kunyolea zilizotoka Japani.

Siku hizi viwanda husafisha nywele, na hatari ya burashi mpya iliyotengenezwa vizuri ni ndogo sana. Lakini kimeta chenyewe hakijatoweka. Mwaka 2015 kiliua nyati wengi katika hifadhi ya Ziwa Nakuru, nacho hutokea mara kwa mara katika mifugo ya Kenya. Mbegu za vijidudu vyake huweza kukaa katika udongo na nywele kwa miaka mingi, na kuzichemsha kwa dakika chache hakutoshi kuziua. Kwa hiyo twatoa maonyo mawili. Usinunue burashi kuukuu ya nywele za mnyama ambayo hujui ilikotoka. Wala usijitengenezee burashi kwa nywele za mnyama aliyekufa, hata kama ni wa zizi lako mwenyewe.

Mtu akiona kipele kinachogeuka kuwa kidonda chenye kigaga cheusi, hasa kisichouma, na akiwa ameshughulika na mizoga, ngozi au nywele za wanyama, asingoje. Aende hospitali mara moja. Ugonjwa huu hutibika kwa dawa ukiwahiwa.

JINSI YA KUIPIMA DUKANI

Kwa sababu hizo zote, twaona kwamba mtu anayetaka burashi ya bei nafuu na asiyetaka mashaka achague ya nyuzi za kiwandani. Akiwa dukani na afanye hivi:

1. Asome maneno yaliyoandikwa kwenye sanduku au mpini. Maneno "pure bristle" au "boar" maana yake kwa kawaida ni nywele za nguruwe. Neno "badger" ni yule mnyama wa jamii ya nyegere. Neno "synthetic" au "nylon" ni nyuzi za kiwandani. Pasipoandikwa kitu, asikubali kubahatisha.

2. Azivute nywele polepole kwa vidole. Moja au mbili zikitoka si neno. Zikitoka nyingi, gundi ni mbovu.

3. Azibonyeze ncha zake kwenye kiganja na kuzizungusha. Zisichome kama sindano, na zikiachwa zisimame tena.

4. Atazame upana wa fundo la nywele. Milimita 20 hadi 24 hutosha uso wa mtu mzima. Fundo kubwa zaidi hula sabuni bure.

5. Atazame mpini. Mpini wa plastiki usio na ufa huvumilia maji. Mpini wa mti usiopakwa rangi vizuri hupasuka.

Kipo kipimo kingine kwa yule mwenye shaka baada ya kununua. Achukue unywele mmoja uliotoka, aushike kwa koleo na kuuchoma kwa kiberiti. Unywele wa mnyama hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika. Uzi wa kiwandani huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Kipimo hiki hakitaji jina la mnyama, lakini hutenganisha nywele na nailoni bila kukosea.

JINSI YA KUITUMIA NA KUITUNZA

Osha uso kwa maji ya vuguvugu. Chovya burashi, ikung'ute kidogo, kisha izungushe juu ya sabuni mpaka povu liwe zito. Maji ya visima yenye chumvi hayatoi povu upesi; maji ya mvua au maji ya mto yaliyotuama na kuchujwa ni bora. Zungusha burashi usoni kwa dakika moja au mbili, bila kuikandamiza. Kisha nyoa kwa wembe mkali, ukifuata upande nywele zinakoelekea. Usiivute ngozi, wala usitafute kunyoa mpaka ngozi ing'ae, maana huko ndiko kualika vipele.

Ukimaliza, isuuze burashi hata sabuni yote itoke, ikung'ute, uiweke kivulini mahali penye hewa. Jua kali la Garissa huharibu gundi na mpini. Msafiri asiifungie ikiwa mbichi ndani ya mkebe, kwa sababu huota ukungu na kunuka.

Neno la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Burashi na wembe ni vya mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika tone la damu lililokauka. Na choa cha kichwani hupita kutoka mtu hadi mtu kwa vyombo vya kunyolea. Ukienda kwa kinyozi, mtake atumie wembe mpya mbele ya macho yako, na ikiwezekana uende na burashi yako mwenyewe. Wazazi wanaomnyoa mtoto mchanga siku ya saba, kwa ajili ya akika, wasitumie kamwe wembe au burashi ya mtu mzima juu ya kichwa kile chororo.

Burashi moja ikitunzwa hudumu miaka, na kipande cha sabuni hutosha siku nyingi kuliko povu la mkebe. Basi mzee wetu wa Galbet aliyesema "iweke kwanza, mpaka tujue" na arudi dukani. Asome maandishi, avute nywele, abonyeze ncha, kisha alipe fedha yake kwa moyo mtulivu. Kuuliza kabla ya kununua hakugharimu hata senti moja.